Miaka sita nilikuwa "wifi" kwenye maigizo ya TV, haya ndiyo niliyojifunza

Juzi binti mmoja kaja kibandani kwangu Mbagala ninaposhonea, kaleta sketi ya kupunguza kiuno, akawa ananitazama weee mpaka nikamuuliza vipi mwanangu. Akasema mama samahani, wewe si yule wifi? Nikamwambia ndo mimi. Akafurahi sana, akaniambia marehemu bibi yake alikuwa hanipendi kabisa, alafu akatoa la moyoni, kwamba na yeye anataka kuigiza, kuna watu wamemwita kwenye tamthilia, wamemwambia apeleke picha na nguo zake tatu, je aende? Tulikaa mpaka adhana ya magharibi. Alivyoondoka nikaona bora niandike kabisa, maana wanaoitwa kwenye hizi kazi ni wengi na wengi wao hawaitwi kuwa steringi, yaani mhusika mkuu, wanaitwa kuwa kama nilivyokuwa mimi, jirani, nesi, hausigeli, shoga wa steringi, wifi.

Nianzie mbali kidogo kwa ajili ya vijana. Huku Bara TV tumeanza kuiona 1994 ITV na wenzake walipoanza kurusha, wenzetu Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70. Sisi tumekua na michezo ya redio, Pwagu na Pwaguzi tunawajua kwa sauti tu. Kwa hiyo maigizo yalipokuja kwenye kioo ilikuwa kitu kingine kabisa. Mtaani kwetu Buguruni mwenye TV alikuwa mmoja kwa nyumba nyingi, lile chogo linageuziwa dirishani, watoto chini kwenye mkeka, wakubwa wamesimama nyuma. Ukaja mchezo wa Mambo Hayo, wakaja kundi la Kaole, wakina Bi Hindu, Muhogo Mchungu, Mzee Jengua Mungu amrehemu, wakina Ray na Johari na Dr Cheni, na Kanumba aliyeingia pale 2002. Siku ya mchezo hata muuza chipsi anahamia karibu na dirisha. Kaole walivyotamba kila mtaa ukazaa kikundi chake cha sanaa, watu wanafanyia mazoezi kwenye kumbi za baa mchana kabla wateja hawajaja au kwenye madarasa jioni wanafunzi wakishatoka. Na letu lilikuwa mojawapo, likabahatika kuonyeshwa. Jina silitaji, wengine wametangulia mbele ya haki na waliobaki tunaheshimiana.

Mi niliingia 2001 nikiwa na miaka 22. Nilikuwa najifunza cherehani kwa mama mdogo, siku hiyo nimemsindikiza tu rafiki yangu mazoezini. Dairekta anatafuta mtu wa kufungua mlango na kusema "kaka hayupo", basi. Waliojaribu walikuwa wanasema kama wanasoma ubaoni. Akaniita mimi niliyekaa pembeni. Nikafungua, nikamtazama yule mgeni juu mpaka chini, nikanyamaza kidogo ndo nikasema "kaka hayupo", nikafunga. Watu wakacheka. Wiki ile ile nikapewa kuwa wifi, dada wa mume, mchonganishi wa nyumba nzima, na ile ya kupita tu ikawa miaka sita.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe ilivyokuwa maana watu wanadhani tulikuwa tunapewa skripti. Hakuna. Dairekta anatukusanya anasema sini hii wifi unaingia jikoni, unamkuta wifi yako anapika, unamwambia kaka alionekana Sinza na mwanamke, yeye anaanza kulia wewe unatoka. Maneno mnatafuta wenyewe, mnapita mara moja, kamera inawashwa. Kamera moja! Inakaa kwa steringi kwanza mpaka amalize kulia, alafu inageuzwa kwenu na mnarudia yale yale mliyosema nusu saa nyuma. Hapo ndo mwigizaji msaidizi anapojulikana kama anajua kazi au anauza sura tu. Steringi akili yake yote iko kwenye kulia, anasahau kutaja jina la yule mwanamke wa Sinza, na lisipotajwa mtazamaji wiki ijayo hataelewa chochote. Ni wewe wa pembeni unatakiwa ukumbuke, ulipenyeze kwenye maneno yako bila kumkatisha, na asionekane yeye kama kasahau.

Kulikuwa na mzee mmoja kundini ametokea kwenye ngonjera na maigizo ya jukwaani, ndo aliyenifundisha kusikiliza. Mwanzoni nilikuwa namtazama mwenzangu mdomo nikisubiri anyamaze niseme langu. Yule mzee akaniweka mazoezini siku nzima bila neno hata moja, kazi yangu kusikiliza tu wengine wakigombana, na akaniambia watu wa nyumbani watakuwa wananitazama mimi wajue habari inauma kiasi gani. Nilikasirika nikaona ananinyima nafasi. Nilipojiona kwenye TV nikaelewa. Kuanzia pale sikulalamika tena kuwa na maneno machache, na nawaambia nyie mnaoanza msihesabu maneno mliyopewa, angalieni mko kwenye sini ngapi na mnamsikiliza nani.

Kingine ni nguo. Nguo zilikuwa zako. Mnarekodi leo mlango wa nje, ndani mnarekodi baada ya siku tisa, na kwenye mchezo ni dakika ile ile. Ukija na kitenge kingine umeharibu. Kwa hiyo nilinunua daftari la kurasa 96, nikawa naandika kila sini nimevaa nini, hereni zipi, kilemba kimefungwa upande gani, kikombe nilishika mkono gani. Wenzangu wote wakawa wanakuja kuuliza kwangu, hata steringi. Lile daftari ninalo mpaka leo. Na kinachoniuma kila nikilifungua ni kwamba nimeandika hereni za miaka sita lakini sikuandika tarehe hata moja, wala hela niliyolipwa, wala niliyodai.

Tuje kwenye hela. Posho ilikuwa elfu tatu kwa siku ya kurekodi, siku nyingine elfu mbili, mazoezi hakuna kitu labda soda. Mwezi mzuri nilirekodi siku nane. Hapo toa nauli ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi, toa chakula siku ambazo hakipikwi, toa saluni kwa sababu wifi yule alikuwa mtu wa kujipenda. Nilibaki na kitu kama elfu kumi. Na mimi nilikuwa nimeshaacha kushona! Huko kwa mama mdogo msimu wa sare za shule nilikuwa napata mara nne ya hiyo. Hilo ni kosa langu la kwanza na kubwa, niliacha kazi yenye hela kwa ajili ya kazi yenye jina, na wala hakuna aliyenilazimisha, mama mdogo alinisihi nije hata asubuhi tu nikaona aibu mtu wa kwenye TV akikutwa anapiga pasi marinda.

Jina lenyewe nalo lina gharama yake. Ukishaonekana, kadi za michango zinaanza. Harusi, kicheni pati, ubarikio, kadi kutoka kwa watu hata hujui wanakaa wapi, na ukichanga elfu tano wanakutazama kama umewatukana. Mwenye nyumba kapandisha kodi, kasema wewe si unaonekana kila wiki. Nilianza kupanda teksi kutoka kituoni ili nisionekane nakimbilia daladala, hela ya teksi nimekopa kwa kijumbe wa upatu. Nilidaiwa mpaka nikauza cherehani yangu ya kwanza, ile niliyonunuliwa na mama. Mpaka leo sijapata ujasiri wa kumweleza mama ilienda wapi.

Na kuna chuki. Siku moja Feri, nimechagua vibua vyangu vizuri, mama muuza samaki akavirudisha kwenye beseni akasema mimi sikuuzii, kamlipe kwanza wifi yako machozi yake. Nilidhani anatania. Hakutania. Watu wakajaa, kijana mmoja akanivuta mtandio. Nilirudi nyumbani nalia, yule mzee wetu aliposikia akafurahi, akasema sasa umeigiza. Ni kweli kwa upande wa sanaa lakini mwili wangu ulikuwa unatetemeka. Baadaye kaka yangu wa kweli akaposa, upande wa binti wakatuma mtu kuja kuchunguza kama tabia zangu ndo zile. Wifi yangu huyo tunaishi vizuri mwaka wa ishirini huu, lakini miezi ya kwanza alikuwa akisikia natembea kuelekea jikoni ananyamaza. Ukipewa uhusika wa mtu mbaya kaa na familia yako uwaeleze mapema, na mwanzoni usiende sokoni peke yako.

Sasa nifike kwenye kile kilichonitoa. Mwaka 2006 posho zikaanza kukatika, mara mfadhili hajalipa, mara subirini mwezi ujao. Ikafika miezi minne. Mimi nikasimama mazoezini mbele ya watu wote nikauliza hela zetu ziko wapi. Niliuliza kwa hasira, na wengi walionituma niulize walitazama chini. Hakuna aliyenijibu vibaya. Wiki iliyofuata sikuitwa, nikaambiwa wewe hauna sini. Na iliyofuata hivyo hivyo.

Alafu siku ya mchezo nimekaa uani na majirani kama kawaida, mchezo ukaanza, naona ile sebule tunayoizoea viti vimetolewa, watu wamekaa chini, kanga vichwani, mezani picha yangu. Picha yangu niliyowapa mwenyewe ya kwenda kutangazia mchezo. Wifi kafa kwa ajali ya gari njiani anatoka Morogoro. Steringi analia vizuri sana siku hiyo, na mimi nimekaa kwenye mkeka nautazama msiba wangu. Watoto waligeuka wote kunitazama. Mama yangu alikuwepo, akainuka akasema zimeni hicho kitu, huo ni mkosi, mtu mzima hai hafanyiwi hivyo. Hakuna aliyezima kwa sababu TV haikuwa yetu.

Nilikaa ndani siku tatu. Mwaka ule ulikuwa wa mgao mkali wa umeme, nusu ya mji hawakuuona mchezo ule, kwa hiyo kwa miezi watu wananisimamisha barabarani wifi unarudi lini, na mimi nawajibu nimesafiri. Ile hela ya miezi minne sikuipata. Sikuwa na karatasi yoyote, na kwenye orodha ya majina mwisho wa mchezo, nimekuja kuangalia baadaye, sikuandikwa jina langu. Niliandikwa Wifi.

Nikiangalia nyuma, kosa halikuwa kudai, ni kwamba nilidai nikiwa nimechelewa na mbele ya kadamnasi. Mwezi wa kwanza tu ungepita nilitakiwa nimfuate kiongozi faragha, mtu wa tatu awepo, niseme nadai siku kadhaa za tarehe kadhaa, aandike. Mtu ukimwaibisha mbele ya watu wake anatafuta namna ya kukuondoa, na mwigizaji wa pembeni kumwondoa ni rahisi, ajali moja tu ya gari inatosha. Steringi hawezi kuuawa, mchezo utakufa naye. Wewe unakufa na mchezo unaendelea, tena unanoga.

Wakati huo filamu za video zilikuwa zimeshachanganya, Girlfriend ilitoka 2003 na baada ya hapo wengi wa kwenye maigizo ya TV wakahamia huko, wasambazaji wa Kariakoo wananunua, kanda inauzwa mpaka mikoani. Na mimi nikaitwa 2007. Nilicheza mama wa kambo siku kumi na moja kwa laki moja na nusu, nikaona nimepata. Siku ya mwisho napakwa poda nikaletewa karatasi, saini hapa dada, niliisaini juu ya boneti ya gari bila kuisoma, kalamu ya mtu, mtu mwenyewe ameshika karatasi isipeperuke. Kava ilipotoka ina sura tatu za mastaa, mimi simo, na hilo wala silalamikii ndo biashara ilivyo. Lakini filamu ile imeuzwa miaka, imeonyeshwa kwenye TV, sasa hivi iko YouTube, na kila mara mtu ananitumia kipande mama umeonekana.

Mwaka 2016 nikawa namshonea suti mwanasheria mmoja dada, nikamweleza. Akaniambia tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na hiyo hakishiriki inatugusa sisi waigizaji, siyo mwenye filamu peke yake mwenye haki. Nilishtuka. Yani sheria ilikuwepo tangu kabla sijafungua ule mlango na kusema kaka hayupo! Akaniuliza una nini mkononi, nikamletea karatasi yangu, nilikuwa nimeitunza vizuri kwenye bahasha. Akaisoma mara mbili. Imeandikwa msanii amekabidhi haki zote, kwa matumizi yote, bila kikomo, kwa malipo yaliyokwisha kulipwa. Akanirudishia taratibu. Na kuhusu yale maigizo ya TV akasema hapo ndo hatuna pa kuanzia, huna mkataba, huna tarehe, hata jina lako halipo.

Nadhani wengi tuliamka 2018 King Majuto alipokuwa anaumwa, ndo habari za mikataba yake ya matangazo zikawa gumzo nchi nzima, serikali ikaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Alifariki Agosti mwaka huo. Niliwaza sana, kama Majuto aliyeanza kuchekesha watu kabla sijazaliwa, mtu anayejulikana Tanga mpaka Kigoma, karatasi zimemsumbua, mimi wifi nitaponea wapi. Na kwa wenzetu Kenya Mzee Ojwang wa kile kichekesho cha TV cha Vitimbi, jina lake halisi Benson Wanjau, alipopata shida ya macho uzeeni wananchi ndo walichanga atibiwe, akatutoka 2015. Hao ni vigogo. Waliokuwa wanafungua mlango nyuma yao hakuna hata anayejua wamezikwa wapi.

Kwa hiyo yule binti nilimwambia aende. Naipenda hii kazi na simkatazi mtu, sini nzuri ikikubali hakuna raha kama ile, unasikia mtaa mzima umenyamaza kwa ajili ya jambo ulilolifanya na macho tu. Ila nilimwambia cherehani yake asiiuze, namaanisha kazi yoyote aliyonayo asiiache, awaambie watu wa tamthilia siku zake wapange wiki moja kabla, siku hizi wanaweza, tamthilia za sasa kama Huba na Jua Kali zinaenda kwa ratiba na skripti inaandikwa, siyo enzi zetu. Karatasi asisaini lokesheni. Aombe aende nayo nyumbani alale nayo, akiambiwa haiwezekani basi aipige picha kwa simu kila ukurasa kabla hajashika kalamu. Humo ndani atafute siku ngapi anahitajika, zikizidi analipwaje, wakimaliza saa saba usiku nani anamrudisha nyumbani maana bodaboda ya usiku inamaliza posho yote na ni hatari kwa mtoto wa kike, nguo yake ikichomwa au ikichanwa nani anafidia, ikirudiwa kuonyeshwa au kuwekwa mtandaoni inakuwaje, na jina lake litaandikwa kamili mwisho. Pale penye haki zote bila kikomo aulize, aombe pawekwe miaka. Wanaweza kukataa, lakini nimeona mara mbili wamekubali kwa sababu tu mtu aliuliza kwa adabu.

Nilimwambia pia akijiandikisha NSSF kama aliyejiajiri wanapokea, mimi nilianza nikiwa na miaka 40 na najuta ile kumi na nane iliyotangulia. Kadi za harusi awe na kiwango kimoja kwa wote na asione haya. Na picha zake asimpe mtu bila kujua inaenda kutumika wapi. Hapo aliniuliza kwa nini picha, nikamsimulia ule msiba, akanishika mkono.

Mimi mwenyewe nimeitwa tena. Safari hii ni bibi mzaa baba, sini kumi na nne, maneno machache, kusikiliza kwingi. Mkataba wameutuma kwa WhatsApp Alhamisi, nimeusoma na yule dada mwanasheria, tumekata mstari mmoja na kuongeza mmoja, wamerudisha wamekubali. Tunaanza Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi Kigamboni. Leo nimenunua daftari jipya, ukurasa wa kwanza nimechora mistari, tarehe, sini, nguo, muda wa kuingia, muda wa kutoka, hela, saini ya aliyenilipa.